Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Pikipiki, Rokenroli na Suala la Msemaji katika Sanaa ya Vijana Makabwela wa Uingereza

Utangulizi

Ni machache makundi ya vijana yaliyoandikwa sana, huku yenyewe yakiandika kidogo, kama lile la vijana wa pikipiki wa Uingereza waliojulikana kwanza kama vijana wa maili mia na baadaye, hasa kuanzia mwaka 1964, kwa jina la Rockers. Mshairi aliwatungia shairi. Mwandishi wa riwaya aliwatungia riwaya. Mwanasosholojia aliwafanyia utafiti, kasisi akawahubiria, hakimu akawahukumu na mhariri wa gazeti akawapigia mbiu ya hatari. Wenyewe waliacha nini? Waliacha pikipiki walizoziunda, majaketi ya ngozi waliyoyapamba kwa misumari na beji, santuri walizozichakaza kwa kuzisikiliza, na visa walivyosimuliana mezani katika mikahawa ya kandokando ya barabara.

Makala haya yanachunguza jinsi kundi hilo lilivyosawiriwa katika tanzu mbalimbali za sanaa na katika maandishi ya kitaaluma, kuanzia filamu ya mwaka 1953 hadi tafiti za miaka ya 1970. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba wengi wa waliowaandika vijana hawa walivutia ngoma kwao. Kila mmoja alikuta ndani ya jaketi la ngozi kile alichokuwa akikitafuta: mdhanaishi alikuta falsafa, mwandishi wa habari akakuta shetani, naye msomi wa mrengo wa kushoto akakuta mwanamapinduzi asiyejijua. Kosa la msingi, kwa mujibu wa hoja hii, ni la kutafuta matini ya vijana hao mahali ambapo haikuwako, yaani kwenye karatasi.

Mhakiki wa Afrika Mashariki ana nyenzo za kulikabili suala hili. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa pendekezo lao la kuifuta Idara ya Kiingereza katika Chuo Kishiriki cha Nairobi, mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba sanaa ya masimulizi ni sanaa kamili, wala si malighafi inayongojea kalamu. Tangu wakati huo dhana za fanani, hadhira na utendaji zimekuwa sehemu ya msamiati wa kawaida wa uhakiki wa eneo hili. Dhana hizo hazina mipaka ya kijiografia. Zikitumiwa kuwasoma makabwela wa London na Birmingham, huenda zikafichua mambo ambayo macho yaliyozoea vitabu peke yake hayakuyaona.

Usuli wa Kijamii

Uasi hauzuki hewani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ajira ilikuwa nyingi nchini Uingereza, na kijana aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 15 aliweza kupata kazi ya kiwandani, ya gereji au ya ujenzi mara moja. Utumishi wa lazima jeshini, uliokuwa ukiwachukua vijana wa kiume kwa miaka 2, ulikoma kuandikisha watu mwaka 1960. Kwa hiyo kizazi hiki kilikuwa na mshahara na kilikuwa na muda. Kilichokosekana ni matumaini kwamba kazi yenyewe ingebadilika: kijana wa miaka 17 kwenye mashine ya kiwanda alimwona jirani yake wa miaka 50 akifanya kazi ile ile.

Pikipiki iliingia katika nafasi hiyo. Viwanda vikubwa vilikuwa vya nyumbani: BSA ikiunda mashine zake Small Heath mjini Birmingham, Triumph ikiunda zake Meriden karibu na Coventry, na Norton nayo ikiwa Birmingham. Mashine hizo zilinunuliwa aghalabu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Hapa pana jambo ambalo wasifiaji wa uasi huu hulisahau. Umri wa utu uzima kisheria ulikuwa miaka 21 hadi mwaka 1970, na kijana wa miaka 18 alihitaji mtu mzima wa kumdhamini ili akopeshwe. Mara nyingi mdhamini huyo alikuwa baba mzazi. Uasi dhidi ya wazazi uliwezekana, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mzazi alitia sahihi.

Mahali pa kukutania palikuwa mikahawa iliyojengwa kwa ajili ya madereva wa malori. Uliokuwa maarufu zaidi ni Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular, kaskazini-magharibi mwa London. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukaharibiwa kwa mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949 na kufungwa mwaka 1969. Mkahawa huo ulikuwa wazi usiku kucha, ulikuwa na chai, na ulikuwa na mashine ya kucheza santuri kwa sarafu. Vitu hivi vitatu, pamoja na barabara iliyonyooka mlangoni, ndivyo vilivyokuwa ukumbi wa utendaji.

Chombo Kama Matini

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii ya wanamaji inafaa kuwa dira ya kuisoma pikipiki ya Rocker, kwa kuwa sifa ya mwendeshaji katika kundi hilo haikutegemea kununua tu. Mashine iliyotoka dukani ilifumuliwa. Walinzi wa matope waliondolewa au kukatwa, usukani mpana ukabadilishwa kwa ule mfupi ulioinamishwa chini, kiti kikasogezwa nyuma, bomba la moshi likabadilishwa ili lipumue kwa urahisi na, si kwa bahati, lipige kelele zaidi. Kilele cha ufundi huu kilikuwa mashine iliyoitwa Triton, ambayo haikutengenezwa na kampuni yoyote kubwa. Ilipatikana kwa kuchukua injini ya Triumph, iliyosifika kwa nguvu, na kuitia katika fremu ya Norton, iliyosifika kwa uthabiti kwenye kona.

Kwa mtazamo wa nadharia ya ukengeushi, mfanyakazi wa kiwandani hutengana na zao la mikono yake: hukaza skrubu moja mara elfu, na mashine kamili huiona ikiondoka mlangoni. Kijana aliyeiunda Triton alifanya kinyume. Alichagua, alikata, alipima, alikosea, akarudia, na mwishowe alipanda juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Maarifa aliyoyatumia yalikuwa yale yale ya karakana, lakini safari hii zao lilikuwa lake. Hapa ndipo penye ubunifu wa kundi hili, na hapa ndipo fasihi iliyoandikwa kulihusu inapokuwa kimya zaidi. Katika shairi, katika riwaya na katika filamu, pikipiki huonekana tayari imekwisha kuundwa. Huletwa kama ishara ya mwendo, ya nguvu za kiume au ya mauti, na ni nadra kuletwa kama kazi.

Masimulizi nayo yalikuwa na kanuni zake. Husimuliwa kwamba palikuwa na mchezo wa kuweka sarafu katika mashine ya santuri, kisha kijana akatimka, akaenda hadi mahali palipokubaliwa na kurudi kabla wimbo haujakwisha. Iwe ulichezwa mara nyingi au mara chache, kisa chenyewe kinaeleza jambo muhimu. Wimbo wa rokenroli wa wakati huo ulidumu dakika 2 hadi 3. Katika mchezo huu wimbo haukuwa burudani ya kusikilizwa, bali kipimo cha muda, na wasikilizaji waliobaki mkahawani walikuwa hadhira iliyosubiri mwisho wa hadithi mbili kwa pamoja: ule wa santuri na ule wa mwenzao. Kufikisha maili 100 kwa saa, takriban kilomita 160, kulikuwa ni aina ya majigambo ambayo hayakukubaliwa bila mashahidi. Mtu asiyeonekana na wenzake akikimbia alikuwa, kwa lugha ya fasihi simulizi, fanani asiye na hadhira.

Filamu Isiyoonekana

Taswira ya kwanza yenye nguvu ilitoka Marekani. Filamu ya The Wild One, iliyoongozwa na Laslo Benedek na kutolewa mwaka 1953, ilitokana na hadithi fupi ya Frank Rooney iliyochapishwa mwaka 1951, ambayo nayo ilichochewa na ghasia za waendesha pikipiki katika mji wa Hollister, California, mwezi Julai 1947. Marlon Brando aliigiza Johnny, kiongozi wa genge asiyeweza kutaja kitu mahsusi anachokiasi. Bodi ya udhibiti wa filamu ya Uingereza iliikataa mwaka 1954, ikihofia kwamba vijana wangeiga. Haikuipa kibali hadi mwaka 1967.

Kinaya cha uamuzi huo kina pande mbili. Kwanza, pikipiki anayoipanda Johnny ni Triumph, iliyoundwa Meriden. Uingereza iliweza kuuza mashine ya uasi ng'ambo, lakini haikuweza kuvumilia kuiona ikirudi nyumbani kama picha. Pili, marufuku haikuzuia mwigo. Picha za Brando akiwa na jaketi la ngozi na kofia iliyoinamishwa zilienea bila filamu, na vijana waliziiga bila kuwa na msuko wa hadithi. Johnny wa Benedek mwishowe huguswa na mapenzi na kulainika kidogo. Johnny wa picha halainiki kamwe.

Aidha, ni vyema kukumbuka kwamba filamu hiyo haina rokenroli. Muziki wake ni wa jazi, kwa kuwa ilitengenezwa kabla rokenroli haijashika soko. Muziki huo ulihusishwa na uasi wa vijana katika sinema mwaka 1955, pale wimbo wa Bill Haley ulipotumiwa kufungulia filamu ya Blackboard Jungle, inayohusu shule badala ya pikipiki. Kwa hiyo ndoa ya pikipiki na rokenroli, ambayo leo huonekana kama jambo la kimaumbile, haikufungishwa na Hollywood peke yake. Katika Uingereza ilifungwa mkahawani na vijana waliochukua kipande huku na kipande kule, kama walivyochukua injini ya Triumph na fremu ya Norton. Triton ni mfano wa mbinu yao yote ya utunzi.

Waimbaji wenyewe waliingia katika mchanganyiko huo. Gene Vincent, Mmarekani aliyechechemea kwa sababu ya ajali ya pikipiki ya mwaka 1955, alipofika Uingereza mwishoni mwa mwaka 1959 alivishwa ngozi nyeusi na Jack Good, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni aliyesoma Oxford. Vazi lilikuwa wazo la msomi wa tamthilia. Kilema kilikuwa cha kweli. Mwezi Aprili 1960 Vincent alikuwa katika gari lililopata ajali karibu na Chippenham, ajali iliyomuua mwenzake Eddie Cochran. Hadhira ya mikahawani ilimpokea Vincent kama mmoja wao: mwili wake ulikuwa na kumbukumbu ya barabara, jambo ambalo vazi peke yake lisingeliweza kulithibitisha.

Mshairi na Udhanaishi

Thom Gunn aliingiza waendesha pikipiki katika ushairi wa Kiingereza uliotambuliwa na vyuo vikuu. Diwani yake The Sense of Movement ya mwaka 1957 ina shairi la "On the Move", pamoja na shairi jingine kuhusu maono ya mwendesha pikipiki juu ya kifo chake, na jingine juu ya Elvis Presley. Gunn alizaliwa mwaka 1929, akasoma Cambridge, na mwaka 1954 akahamia California, ambako alisoma chini ya mhakiki Yvor Winters. Waendeshaji wa "On the Move" ni wa California, lakini shairi lilisomwa Uingereza na likafundishwa shuleni kwa miaka mingi.

Upande wa fani, shairi hili ni la kimapokeo kabisa. Lina beti za mistari minane, lina vina, lina mizani iliyodhibitiwa. Msomaji wa Kiswahili aliyeufuatilia mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko atauona mvutano huo mara moja: somo ni ghasia, chombo ni nidhamu. Wapo watakaosema kwamba huo ni ufaafu, kwa kuwa mwendeshaji naye huidhibiti nguvu inayotaka kumtupa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayolipa shairi nguvu yake.

Hata hivyo, upande wa maudhui kuna gharama. Gunn alikiri kuathiriwa na Sartre, na vijana wake wanatumikia udhanaishi huo. Wanasonga kwa sababu dunia haikuwapa maana, na kusonga ndiko kunakowapa. Hawana majina, nyuso zao zimefichwa na miwani na vumbi, hawana kazi, hawana mshahara, hawana Jumatatu. Si kwamba mshairi amewadharau, amewakweza. Ila aliyekwezwa namna hii hana mahali pa kukanyaga. Mfanyakazi aliyetoroka kiwanda kwa saa 3 amegeuzwa kuwa mwanadamu kwa jumla, na swali la kwa nini alitaka kutoroka halina nafasi tena ya kuulizwa.

Riwaya na Filamu: Ngozi Iliyogeuzwa

Riwaya ya The Leather Boys, iliyotolewa mwaka 1961, inalijibu pengo hilo kwa kiasi. Mwandishi wake, Gillian Freeman, aliandika kwa ombi la mchapishaji Anthony Blond, na kitabu kikatoka kwa jina la Eliot George. Jina hilo ni la George Eliot lililogeuzwa, na George Eliot naye alikuwa mwanamke aliyejificha nyuma ya jina la kiume. Hivyo basi riwaya kuhusu vijana wanaojificha ndani ya ngozi iliandikwa na mwanamke aliyejificha ndani ya jina.

Wahusika wakuu, Dick na Reggie, wana anwani, wana jamaa, wana shida ya fedha. Vyumba vyao ni finyu na maneno yao ni machache. Katika ufinyu huo yanazuka mapenzi baina ya vijana hawa wawili, wakati ambapo mahusiano ya aina hiyo baina ya wanaume yalikuwa jinai nchini Uingereza. Sheria haikubadilishwa hadi mwaka 1967. Freeman hafanyi mapenzi hayo kuwa ugonjwa wala tamasha. Anayachukulia kuwa jambo lililowatokea watu wa kawaida, na msiba unaofuata unaletwa na genge na uhalifu. Hapa ndipo jaketi la ngozi, ishara ya uume usiotiliwa shaka, linapopata maana iliyo kinyume: ni kinga ya upole usioruhusiwa kuonekana.

Filamu iliyoongozwa na Sidney J. Furie, ambayo ilitolewa mwaka 1964 na ambayo Freeman mwenyewe aliiandikia mswada, ilibadilisha mengi. Reggie ana mke, Dot, aliyeigizwa na Rita Tushingham, naye rafiki yake sasa ni Pete. Mapenzi ya pande mbili yamekuwa ya upande mmoja, na mwishoni Reggie anapoitambua hali ya Pete anamwacha na kwenda zake. Ni rahisi kuilaumu filamu kwa woga. Lakini ina jambo ambalo riwaya haina: Ace Cafe yenyewe, mlio wa injini, na nyuso za watu waliozunguka meza. Kamera, bila kukusudia kuwa na nadharia, ilinasa utendaji. Msomaji anayetaka kujua jinsi kimya kilivyotumiwa mezani kama sehemu ya mazungumzo atajifunza zaidi kwenye filamu kuliko kwenye kitabu.

Dot ni mhusika anayestahili haki zaidi ya aliyopewa na wahakiki. Huonekana kama msichana mlalamishi, mpenda filamu na nywele, anayemkwaza mumewe. Akitazamwa kwa makini, yeye ndiye anayedai kwa sauti kile ambacho vijana wa kiume wanakidai kwa injini: maisha mapana kuliko chumba kimoja. Tofauti ni kwamba nafasi yake kwenye mashine ni kiti cha nyuma.

Mbolezi za Barabarani

Katika nyimbo, mwanamke alipewa sauti, ila kwa sharti moja. Mwaka 1964 kundi la wasichana wa Marekani, The Shangri-Las, lilitoa "Leader of the Pack", na mwishoni mwa mwaka huo huo msichana Mwingereza aliyejiita Twinkle, mwenye umri wa miaka 16, akatoa "Terry", wimbo alioutunga mwenyewe. Katika nyimbo zote mbili kijana wa pikipiki amekufa barabarani na msichana anamlilia. Shirika la utangazaji la BBC halikupenda nyimbo hizo zichezwe, kwa hoja ya kutozingatia staha.

Katika istilahi za fasihi simulizi, hizi ni mbolezi. Na kama zilivyo mbolezi nyingi, kazi yake si kulia tu, bali pia kusema yasiyosemeka marehemu akiwa hai. Katika wimbo wa The Shangri-Las msichana anawashtaki wazazi waliomkataa kijana kwa sababu ya mtaa anakotoka. Suala la tabaka, ambalo Gunn amelipaa juu kwa juu, linajitokeza wazi katika wimbo wa kibiashara wa dakika zisizofika 3. Lakini msichana anaruhusiwa kusema kwa sababu mwenye pikipiki amenyamaza. Mbio za sakafuni zimeishia ukingoni, na jamii iliyotabiri hivyo inapata faraja ya kuona utabiri wake umetimia. Mbolezi hizi zinamtetea kijana na papo hapo zinamzika.

Hakimu, Mhariri na Msomi

Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1964 palizuka vurugu katika mji wa pwani wa Clacton, na sikukuu ya Pentekoste ya mwaka huo yakafuata makabiliano ya Mods na Rockers huko Margate na Brighton. Mods walipenda skuta za Italia, suti nadhifu na muziki mpya wa Wamarekani weusi. Stanley Cohen, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu mashetani wa jamii na hofu za kimaadili, alionyesha kwamba magazeti yalitia chumvi sana matukio ya Clacton, na kwamba ufa baina ya makundi hayo mawili uliimarishwa na maelezo yaliyotolewa baada ya tukio. Vijana walisoma gazetini wao ni nani, kisha wakaenda Margate kuwa hivyo. Kwa mhakiki wa fasihi funzo ni zito: habari ya gazeti nayo ni matini, na ina uwezo wa kuwaumba wahusika wake.

Msomi hakuwa mbali sana na mhariri. Richard Hoggart, mwana wa makabwela wa Leeds, katika The Uses of Literacy ya mwaka 1957 aliwatazama vijana waliozunguka mashine za santuri kwa huzuni iliyochanganyika na dharau. Aliwaona kama watu walioupoteza utamaduni wa wazazi wao kwa kubabaikia Umarekani. Lakini kituo cha utafiti alichokianzisha Birmingham mwaka 1964 ndicho kilichotoa wasomaji bora wa vijana hao. Paul Willis, katika Profane Culture ya mwaka 1978, alikaa na vijana wa pikipiki na kubaini kwamba upendeleo wao wa rokenroli ya zamani haukuwa ushamba. Walizipenda santuri fupi za miaka ya 1950 kwa kuwa mdundo wake ulilingana na maisha yao: wa moja kwa moja, wenye mwili, usiotaka kuketi na kutafakari. Muziki, mashine na maadili vilishikana kama meno ya gia.

Mchango huo ni mkubwa, na Dick Hebdige aliupanua mwaka 1979 alipoyasoma mavazi ya vijana kama mfumo wa ishara. Hata hivyo Angela McRobbie, mwaka 1980, aliwakosoa wote wawili kwa kuufumbia macho ubabe wa kiume waliouona. Ukosoaji huo una mashiko. Uhuru wa barabarani ulitegemea mtu mwingine aliyebaki nyumbani akifua nguo zenye mafuta.

Kuna kimya kingine pia. Rokenroli iliyowapa vijana hawa sauti ilitoka kwa kiasi kikubwa katika muziki wa Waamerika weusi. Chuck Berry na Little Richard ni miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1958 magenge ya vijana weupe, wakiwamo Teddy Boys walioipokea rokenroli kabla ya Rockers, waliwashambulia wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani katika mtaa wa Notting Hill. Haifai kuwabebesha Rockers dhambi za waliowatangulia. Lakini uasi unaoimba kwa sauti ya mtu mweusi bila kuuliza mtu huyo anaishije mtaa wa pili ni uasi wenye upofu, na uhakiki usioutaja upofu huo unaushiriki.

Hitimisho

Je, ulikuwa uasi? Jibu la haki zaidi limo katika kitabu kingine cha Willis, Learning to Labour cha mwaka 1977, ambacho hakihusu pikipiki. Humo anaonyesha kwamba wavulana wa kikabwela walioikaidi shule kwa ujasiri na ucheshi walijikuta, kwa njia ya ukaidi huo huo, wamejiandaa kwa kazi za kiwandani walizozikimbia wazazi wao katika ndoto. Vijana wa pikipiki nao walikaidi usiku na kurudi kazini asubuhi. Mashine yao ilikuwa kazi ya sanaa ambayo deni lake lililipwa kwa mshahara wa kiwanda.

Haifuati, hata hivyo, kwamba sanaa hiyo ilikuwa bure. Mwaka 1973, wakati sekta ya pikipiki ya Uingereza ilipokuwa ikiporomoka mbele ya ushindani wa Japani, ilitangazwa kwamba kiwanda cha Triumph cha Meriden kitafungwa. Wafanyakazi walikikalia, wakazuia mashine zisitoke, na baadaye wakakiendesha kama ushirika hadi kilipofungwa mwaka 1983. Hapakuwa na Brando, wala shairi la kufundishwa shuleni. Palikuwa na watu waliosema kwamba kilichoundwa kwa mikono yao kina haki ya kuamuliwa nao. Wazo hilo ndilo lililokuwa limejificha ndani ya Triton, pale kijana alipoikataa mashine jinsi ilivyotoka dukani.

Ace Cafe ulifunguliwa tena mwaka 2001, na jaketi la ngozi sasa huuzwa madukani likiwa limechakazwa tayari. Mnunuzi hana haja ya kulichakaza mwenyewe. Kazi iliyobaki kwa uhakiki ni kuwarejeshea vijana wale kile ambacho shairi, filamu na biashara vimekiacha nje: karakana, deni, Jumatatu asubuhi, mke aliyeketi nyuma, na ufundi wa mikono ambao ndio uliokuwa usemi wao. Kwa kazi hiyo, mhakiki aliyelelewa kuheshimu fasihi isiyoandikwa hana sababu ya kungoja ruhusa ya mtu.